Mdomo wa Bata Juu ya Daraja

SEHEMU YA KWANZA

Umeme umekatika, lifti imekufa, na nje ya dirisha la ghorofa ya 39 hakuna anga, kuna vumbi tu. Ni Septemba 12, 2001, kusini mwa Manhattan, mitaa sita kutoka pale yaliposimama majengo mawili marefu hadi jana asubuhi. Mzee mmoja mrefu yuko sebuleni kwake anavitazama vitu vyake: vitabu, nguo, mafungu ya karatasi za muziki. Amri imeshatoka, watu wote wahame jengo, na kila mtu abebe kile ambacho mikono yake itakiweza kwa ngazi.

Siku tano zilizopita ametimiza miaka 71. Anainama, anachukua kasha moja, anatoka.

Ndani ya kasha mna saksafoni. Wapenzi wa dansi huku kwetu walikibatiza chombo hicho mdomo wa bata, na ukikitazama kwa ubavuni huwezi kubisha: shingo imepinda, mdomo umebenuka, na mwanafunzi akikipuliza kinalia kama bata kweli. Mwenye kasha ni Walter Theodore Rollins. Dunia inamwita Sonny.

Tumwache kwenye ngazi. Ghorofa 39 si mchezo, hatafika chini leo wala Jumamosi ijayo. Ili tujue kwa nini mtu aache vyote abebe mdomo wa bata, itabidi tumfuate Harlem, mjini New York, alikozaliwa Septemba 7, 1930.

Wazazi wake walitoka visiwa vya Virgin, kule Karibi. Baba alikuwa wa jeshi la majini, mtu wa kuja na kuondoka. Mwenye nyimbo alikuwa mama. Mtoto alipopata saksafoni yake ya kwanza, ile ndogo iitwayo alto, hata miaka kumi hajafika, na nyumba za kupanga hazina subira na makelele ya namna hiyo. Akaingia kabatini. Alisimama humo gizani, katikati ya makoti na magauni, akapuliza. Likumbuke kabati hilo, msomaji. Tutakutana nalo tena, ila siku hiyo litakuwa na urefu wa zaidi ya kilomita mbili.

Kitongoji chao, Sugar Hill, ndiko alikoishi Coleman Hawkins, mfalme wa saksafoni ya tenori. Sonny alikwenda akakaa kwenye ngazi za nyumba ya mfalme, picha mkononi, akimsubiri arudi amtilie saini. Haukupita muda akaiweka alto pembeni akashika tenori kama yeye. Bado yuko sekondari, kengele ya mwisho ikigongwa anakwenda nyumbani kwa Thelonious Monk kufanya mazoezi na watu wazima, na usiku anajichora masharubu kwa wanja ili apite milango ya vilabu vya Mtaa wa 52. Masharubu ya wanja! Mabaunsa sijui walikuwa wanatazama wapi.

Sasa ilikuwaje kijana huyo, mwaka 1950, akamatwe kwa unyang'anyi wa kutumia silaha? Jibu lake kila mtaa wa Dar na Mombasa unalijua. Unga. Charlie Parker, fundi wa alto kuliko wote, alikuwa mtumwa wa heroini, na vijana waliomwabudu wakadhani siri ya vidole vyake imo ndani ya sindano. Sonny alikaa miezi kumi gerezani kisiwani Rikers, akatoka, akaurudia unga. Mwaka 1952 akakamatwa tena.

Januari 1953 yumo studio na Miles Davis. Parker mwenyewe yupo, siku hiyo kashika tenori. Anamvuta kijana pembeni na kumuuliza kama ameacha. Sonny anamtazama mzee wake usoni anamwambia ameacha, yuko safi. Parker anafurahi kama baba mtu. Siku haijaisha, mmoja wa waliokuwepo anaropoka ukweli. Rollins aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na alichokuwa akikirudia ni uso wa Parker ulivyobadilika.

Mwaka 1955 alijipeleka mwenyewe Lexington, Kentucky, kwenye hospitali ya serikali ya watu wa unga. Alishapanga: akitoka atakwenda kwa Parker, asimame mbele yake, aone kwamba safari hii si uongo. Akiwa bado huko ndani, Machi 12, Parker akafa. Alikuwa na miaka 34.

Hakurudi New York. Alikwenda Chicago akashika ndoo na dekio, kazi ya ufagizi, akalala kwenye chumba cha YMCA. Arosto ilikuwa imeshapita, lakini mtu hajui kama amepona mpaka akutane na kilichomuua. Jioni moja akaamua kujipima. Akabeba saksafoni yake, akaelekea klabu moja iliyoitwa Bee Hive, yaani mzinga wa nyuki, na jina hilo halikukosea. Washikaji wa zamani wakamwona. Sonny karudi! Twende huku pembeni kidogo, tukukaribishe.

Viganja vikaanza kutoka jasho. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya klabu, mwingine nje.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Sonny yuko mlangoni mwa Bee Hive, washikaji wanamvuta pembeni. Sasa endelea.

Alikataa. Hakushuka malaika, wala hakutoa hotuba. Alitoka jasho, akasema hapana, akarudi chumbani kwake na saksafoni yake tu. Siku iliyofuata hapana hiyo ilikuwa nyepesi kidogo.

Mwishoni mwa mwaka ule bendi ya Clifford Brown na Max Roach ikamzoa palepale Chicago. Roach alikuwa mpiga dramu ambaye kila mpiga dramu alimwogopa. Brown alikuwa na tarumbeta, umri wa miaka 25, na tabia ambayo Sonny hakuwa ameiona kwa mwanamuziki wa kiwango kile: hakugusa unga, hakuwa mlevi, alipenda hesabu na sataranji. Fikiria mtu aliyeamini kwamba ufundi unatoka kwenye sindano, halafu kila usiku anasimama bega kwa bega na jirani asiye na sindano ambaye tarumbeta yake inawaka moto.

Juni 22, 1956, Sonny aliwachukua wenzake watatu, Roach akiwa mmojawapo, wakaingia studio ya Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey. Usifikirie jengo la maana. Ilikuwa sebule ya wazazi wa Van Gelder, imetegwa maikrofoni. Siku moja, nyimbo tano, na albamu ikaitwa Saxophone Colossus, kwa maana ya jitu la saksafoni.

Wimbo wa kwanza unaitwa St. Thomas. Mama yake alikuwa akimwimbia alipokuwa mdogo, wimbo wa visiwani kwao, na mpiga piano Randy Weston alikuwa ameshaurekodi mwaka mmoja nyuma kwa jina jingine. Mimi nilipousikia mara ya kwanza redioni nilidhani ni bendi ya mwambao, ya harusi ya alasiri. Roach anaanza peke yake, dramu zinacheka. Sonny anaingia na wimbo wa mama, anaumaliza, halafu zamu yake ya kubuni inafika.

Hapo ndipo nakuomba usogee karibu na spika. Mwanamuziki mwingine wa enzi ile angemwaga noti kama mtu aliyepasua gunia la mchele. Sonny anachukua mbili. Noti mbili tu! Anazidondosha, ananyamaza. Anazidondosha tena mahali pengine, zimechelewa kidogo. Anazigeuza, anaziwahisha, anazificha nyuma ya pigo la dramu, anazitoa upande usioutazamia. Ni mtoto na chandimu uchochoroni: mpira mmoja, kuta mbili, na hamtamtoa pale mpaka adhana ya magharibi. Unapokuja kushtuka, zile noti mbili zimeshazaa ukoo mzima na hujui mlango gani waliingilia.

Hakika siku ile alikuwa na miaka 25, mzima wa mwili, na rafiki aliyempenda.

Siku nne baadaye bendi ilitakiwa Chicago. Roach na Sonny walisafiri kivyao. Clifford Brown alibaki nyuma, kisha akaondoka Philadelphia usiku na mpiga piano wao Richie Powell, gari likiendeshwa na mke wa Powell, Nancy. Barabara kuu ya Pennsylvania ni ndefu, na usiku ule mvua ilikuwa inanyesha. Chicago watu wawili walikuwa wanatazama saa.

Gari likaingia kwenye utelezi.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA TATU

Hawakufika. Wote watatu walifia barabarani, alfajiri ya Juni 26, 1956.

Rollins alifanya kile ambacho waliofiwa wengi hufanya, alijizika kwenye kazi. Ukipanga rekodi zake za miaka miwili iliyofuata utadhani ni za watu watatu. Alifika California akarekodi kuanzia saa tisa usiku kwa sababu wenzake walikuwa na kazi nyingine mchana. Novemba 1957 alirekodi mbele ya watu katika klabu ya Village Vanguard na wapigaji wawili tu, besi na dramu, piano kaitimua. Piano, alivyoona yeye, inamwekea mpulizaji kuta. Yeye alitaka uwanja.

Mapema mwaka 1958 akarekodi Freedom Suite, utungo mmoja wa uhuru unaozidi dakika 19, ukachukua upande mzima wa santuri. Kwenye jalada akaandika maneno machache kwamba utamaduni wa Marekani umesimama juu ya mgongo wa Mweusi, na Mweusi huyohuyo ndiye anayeonewa. Mwaka ule hayo hayakuwa maneno ya kuandika kwenye jalada la santuri. Kilichomsukuma hakikuwa nadharia: magazeti yalikuwa yanamsifu wiki kwa wiki, na bado alipotafuta nyumba ya kupanga New York alinyimwa kwa ajili ya rangi. (Huyu ndiye aliyekwisha kutunga wimbo uitwao Airegin mwaka 1954. Usome kinyumenyume, utaona nchi gani alikuwa akiiwaza, miaka sita kabla haijapata uhuru.)

Sifa ndizo zilizomponza. Mwaka huohuo msomi mmoja wa muziki, Gunther Schuller, aliandika makala ndefu akiuchambua wimbo mmoja wa albamu ile ya Hackensack, akionyesha jinsi Rollins alivyojenga ubunifu wake wote juu ya wazo moja, tofali juu ya tofali. Makala nzuri. Sonny aliisoma, na kila aliposhika saksafoni baada ya hapo akawa anajitazama vidole kama mtu aliyeulizwa anavyotembea, akajikwaa. Aliapa kutosoma tena anayoandikiwa.

Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wagema wengi husubiri wanywaji ndio wagundue. Huyu alionja mwenyewe, kibuyu bado kimejaa na wanywaji bado wanashangilia, akasema humu mna maji. Kiangazi cha mwaka 1959, ana miaka 28, jina lake liko juu kabisa, akafunga duka. Hakuna onyesho, hakuna rekodi, hakuna mahojiano. Mjini uvumi ukapata kazi: kaurudia unga, kaumwa, kaokoka.

Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Alikuwa anaishi Mtaa wa Grand, mashariki ya chini ya Manhattan, pamoja na Lucille, aliyekuja kuwa mkewe. Alitaka kufanya mazoezi, na jirani alikuwa mjamzito. Ungefanyaje? Kabati lilishakuwa dogo kwa kifua kile.

Siku moja akipita Mtaa wa Delancey aliona ngazi zinapanda. Akapanda. Juu kulikuwa na njia ya watembea kwa miguu kwenye daraja la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903 kuvuka Mto East kuelekea Brooklyn, na njia nzima haikuwa na mtu. Chini yake magari, pembeni treni, mtoni meli. Akatafuta pahali penye nguzo na vyuma vya kumficha asionekane kutoka kwenye treni wala barabarani. Akafungua kasha.

Msomaji ambaye hajawahi kupuliza chombo huenda asijue alichokuwa anakitafuta pale. Ndani ya chumba, ukuta unakurudishia sauti yako, na kurudishiwa kunadanganya, unajisikia mkubwa. Darajani hakirudi kitu. Upepo unaichukua noti kabla haijafika sikioni, treni inapita na kuizika, na kama unataka kujisikia huna budi kuichimba kutoka tumboni. Baridi ikija, shaba ikipoa, sauti inashuka chini ya pale inapotakiwa, na kile kijipande cha mwanzi mdomoni kinachotetema kuitoa sauti kinakuwa kama ukucha mkavu. Yeye alikwenda baridi na jua, mchana na usiku, siku nyingine saa 15. Aliacha sigara, akanyanyua vyuma. Boti za kuvuta meli zikipiga honi huko chini, alizijibu kwa saksafoni. Mara mojamoja mwenzake Steve Lacy alimfuata na saksafoni yake nyembamba wakapulizia mto pamoja. Ajira ya Lucille ndiyo iliyoishikilia nyumba, na katika simulizi za wababe wa muziki watu hupenda kuruka sentensi hiyo.

Mjini nako hakukusubiri. Novemba 1959 Ornette Coleman alifika na saksafoni ya plastiki akaugawa mji makundi mawili. John Coltrane, rafiki yake, akazidi kupaa. Mwishoni mwa mwaka 1960, Randy Weston yuleyule aliupeleka studio utungo wake Uhuru Afrika, na mwanzoni mwake Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akitangaza uhuru kwa Kiswahili. Lugha yetu ilikuwa inasemwa ndani ya jazi, upande mmoja wa mji, na upande wa pili Sonny Rollins alikuwa anajibizana na honi.

Kisha mwandishi mmoja, katika kupita kwake darajani, akasikia sauti isiyoweza kuwa ya mtu mwingine. Aliandika, kwa staha akabadilisha jina la mtu na jina la daraja. Waliojua wakajua. Siri ikavuja.

Novemba 1961, klabu ya Jazz Gallery, imejaa hadi mlangoni. Miaka miwili watu wamekuwa wakijiuliza mtu huyu amekwenda kuleta nini. Wengine wametega masikio waondoke na muujiza, wengine wameleta visu. Taa zikapungua. Mtu mrefu akatokea, kasha tupu nyuma yake, akaweka mdomo kwenye chombo.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA NNE

Ilipoishia: ukumbi umeshika pumzi.

Akapiga nyimbo zilezile.

Naam. Nyimbo za mapenzi za zamani, bluzi, nyimbo za filamu. Mwaka uliofuata ikatoka albamu iliyoitwa The Bridge, naye Jim Hall na gitaa lake la kunong'ona akikaa pale piano ingekaa, na baadhi ya wakosoaji wakakuna vichwa. Miaka miwili darajani kwa ajili ya hii? Walitaka mapinduzi, wakaletewa mtu yuleyule.

Mimi naiona kinyume. Weka rekodi ya mwaka 1958 na hii ya mwaka 1962 moja baada ya nyingine. Nyimbo hazikubadilika, kilichobadilika ni anayezipuliza: ile noti moja ndefu imeshiba, haina wasiwasi wa kukimbilia ya pili. Aliyeendea muujiza alipitwa nayo. Aliyewahi kupuliza kitu upeponi asingepitwa.

Lakini mgema huyu alishazoea kuonja. Mwaka 1969 akafunga duka tena, safari hii akaishia India, kwenye nyumba ya watawa karibu na Mumbai. Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaoana na besi za umeme na midundo ya mitaani. Wapenzi wake wa zamani wakanuna. Mwaka 1981 vijana waliosikiliza albamu mpya ya Rolling Stones walipenda sana saksafoni iliyomo, na jalada halikusema ni ya nani. Ilikuwa yake. Nyumbani Lucille, ambaye walioana mwaka 1965, ndiye aliyeshika mikataba, simu na hesabu.

Sasa twende Agosti 1986, Saugerties, jimbo la New York. Kuna machimbo ya zamani ya mawe ambayo mchongaji mmoja, Harvey Fite, aliyageuza kuwa ngazi, majukwaa na mitaro ya mawe matupu, yamepangwa bila saruji, kazi ya karibu maisha yake yote. Bendi ya Sonny imepangwa juu ya mawe hayo, watazamaji wametapakaa kwenye nyasi, na mtengeneza filamu Robert Mugge ana kamera zinazozunguka. Sonny ana miaka 55.

Bendi imenyamaza, anapiga peke yake. Hiyo ndiyo sehemu aipendayo, darajani palimfundisha. Anatembea huku anapuliza, anaukaribia ukingo wa jiwe, anautazama. Kuna kitu hakimridhishi: watu wako kule chini, yeye huku juu, noti hazifiki anakotaka zifike. Anarudi hatua moja. Anapuliza. Anausogelea ukingo tena.

Kimo kutoka jiwe hadi chini ni kama cha mtu mzima aliyesimama. Saksafoni ya tenori imening'inia shingoni kwake.

Akaruka.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA TANO

Alitua vibaya. Mfupa wa kisigino ukavunjika, akaenda chini chali, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni sehemu ya onyesho au ni msiba. Jitu la saksafoni limelala juu ya jiwe, miguu imekunjwa, kamera zinazunguka, wanabendi wanatazamana. Mtu mmoja anasogea kumwinamia.

Kisha saksafoni ikainuka kutoka kifuani kwake, na wimbo ukaanza. Alipiga palepale, mgongo chini, akiitazama anga, mguu umevunjika. Filamu ipo, siyatungi haya.

Nimeyaleta ili turudi kwenye ngazi zetu.

Usiku mmoja kabla ya zile ngazi, jioni ya Septemba 11, 2001, Rollins alikuwa peke yake kwenye ghorofa ya 39. Lucille alikuwa kwenye nyumba yao ya shamba, Germantown, kaskazini mwa jimbo. Rollins alikuwa ameyaona majengo yakianguka. Mtu wa kawaida angefunga madirisha akajifunika shuka. Yeye alifanya alichokuwa akikifanya tangu kabatini Harlem: alishika saksafoni afanye mazoezi. Mpiga tenori havuti pumzi kama mimi na wewe, anaivuta mpaka tumboni. Akaivuta ya kwanza, na pamoja na hewa likaingia lile vumbi, saruji na moshi na vitu ambavyo hakuna aliyetaka kuvitaja. Alilisikia likishuka hadi chini kabisa. Tumbo likachafuka. Akakirudisha chombo kwenye kasha.

Asubuhi wakaja kuwatoa. Akashuka ghorofa kwa ghorofa, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine kwenye kasha. Nje mtaa ulikuwa mweupe. Alipofika Germantown miguu ilikuwa haitaki kazi, na kulikuwa na jambo jingine: onyesho lilishapangwa, Jumamosi ya Septemba 15, Boston. Alitaka lifutwe. Nani wa kupiga muziki wiki hiyo, na nani wa kuja kuusikiliza?

Lucille akasema twende.

Hatujui walibishana kiasi gani, tunajua nani alishinda. Wakafunga safari, na mpwa wa Sonny, Clifton Anderson wa trombone, yumo bendini, na Bob Cranshaw wa besi, yuleyule wa albamu ya darajani miaka karibu 40 nyuma. Ukumbi wa chuo cha Berklee ukajaa. Katikati ya watu hao, kwenye kiti ambacho hakuna aliyekijali, ameketi shabiki mmoja aliyeingia na mashine ya kurekodi bila ruhusa ya mtu.

Taa zikashuka. Rollins akaja mbele, anachechemea kidogo, saksafoni shingoni. Watu wakasimama kabla hajafanya lolote, wakapiga makofi kama wanaosukuma mlango. Aliwasubiri watulie. Kijipande cha mwanzi akakilowesha kwa ulimi. Siku nne zimepita tangu avute pumzi ya namna ile, na mpaka dakika hiyo hajui kifua kitamjibu nini.

Akatoa ishara kwa mpiga dramu, akafumba macho, akavuta pumzi.

Itaendelea Jumamosi ijayo.